UKINUNUA PLOTI YENYE WAPANGAJI, UMENUNUA NA WATU

Somo: Ruthu 4:1-10



Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo halihubiriwi sana madhabahuni, ingawa linaletwa kwa maombi kila mara hapa Uthiru: kununua ploti ya kwanza ya kupangisha. Mwalimu anakaribia kustaafu. Muuguzi ameweka akiba Sacco miaka 15. Fundi na mkewe wameuza kipande chao cha ushago. Wote wanatafuta kitu kimoja, mapato ya kila mwezi yasiyotegemea mwajiri. Ni ombi jema, na mimi huliitikia amina.

Halafu broka anapiga simu. Kuna ploti imetoka, anasema. Vyumba 12, yote imejaa, wapangaji wako ndani. Ukimaliza kulipa, mwisho wa mwezi unaokota kodi.

Neno hilo "wapangaji wako ndani" limewafanya watu wengi kutia sahihi kabla ya kufikiri. Mnunuzi akilisikia anaona pesa. Mimi nataka leo ulisikie uone watu.

SHAMBA LILILOKUJA NA MTU

Fungua Ruthu sura ya 4. Naomi anauza shamba lililokuwa la Elimeleki. Boazi anaketi langoni pa mji wa Bethlehemu, anamwita ndugu wa karibu mwenye haki ya kwanza ya kulikomboa, na anaketisha wazee kumi wawe mashahidi. Anamwuliza yule ndugu kama analitaka shamba. Jibu linakuja mara moja: analitaka.

Ndipo Boazi anamweleza habari iliyobaki. Siku utakapolichukua shamba hili, umemchukua na Ruthu, mjane Mmoabi. Jina la marehemu litasimama juu ya urithi wake, na wewe ndiwe utakayelibeba. Hapo yule ndugu akarudi nyuma. Akaona ataharibu urithi wake mwenyewe, akavua kiatu, akampisha Boazi.

Angalia mambo matatu, mpendwa.

La kwanza, shamba halikubadilika. Mipaka ilikuwa ile ile, udongo ule ule. Kilichobadilika ni kwamba aligundua lina mtu.

La pili, Boazi alisema mapema, mbele ya mashahidi, kabla ya biashara kufungwa. Hakumwacha mwenzake agundue baadaye.

La tatu, hakuna aliyemkemea yule ndugu kwa kukataa. Wazee hawakumwambia hana imani. Alipiga hesabu akaona hawezi, akasema hivyo wazi. Kuna mtu anasoma hapa ambaye jibu la Mungu juu ya ile ploti ni "vua kiatu, mpishe mwingine." Kukataa mzigo usiouweza hakukuondolei baraka.

Lakini kama utasema ndiyo, basi sema ndiyo yote, ya shamba na ya Ruthu.

DIPOZITI SI MAVUNO

Nianze na jambo dogo linaloleta machozi makubwa. Kila mpangaji aliyeingia katika ile ploti alitoa dipoziti. Wengi walitoa ya mwezi mmoja, wengine na ya maji na stima juu yake. Pesa hizo ziko wapi leo? Ziko kwa anayeuza, na mara nyingi alishazitumia zamani.

Siku ukihamishiwa ploti, mpangaji hatamtafuta yule wa zamani. Atabisha kwako. Anahama Desemba, ameacha chumba kisafi, anataka dipoziti yake akalipie kwingine. Ukimwambia "mimi sikupokea kitu," umemwibia, hata kama hukushika shilingi yake. Yeye hakuwa kwenye meza ya wakili wenu. Hakuulizwa kama anataka kuuzwa pamoja na nyumba.

Kwa hiyo kabla hujalipa, andika orodha. Vyumba 12 kwa dipoziti ya shilingi 8,000 ni shilingi 96,000. Hilo ni deni, na liandikwe kwenye mkataba wa mauziano: ama mwuzaji akukabidhi pesa hizo siku ya kumaliza, ama zipunguzwe kwenye bei. Wakili wako akikwambia ni jambo dogo, mwambie kwa upole kwamba kwa mama anayelala katika chumba namba 7 si dogo.

Na ukikabidhiwa, ziweke akaunti ya peke yake. Usijengee choo, usilipie karo. Na hapa nasema kama mchungaji wako: usitoe fungu la kumi kwa dipoziti. Dipoziti si mavuno yako, ni amana ya mtu mwingine. Mungu hahitaji sadaka iliyotoka mfuko wa jirani.

UWASIKIE WENYEWE KABLA HUJALIPA

Mwuzaji atakuletea karatasi ya kodi, chumba kwa chumba. Iheshimu, lakini usiishie hapo. Nenda ploti mwenyewe, jioni watu wakiwa wametoka kazini, ukiwa na ruhusa ya mwenyewe. Bisha hodi kila mlango. Uliza kwa adabu: mmekaa hapa tangu lini? Kodi ni ngapi? Dipoziti mlitoa ngapi? Kuna aliyelipa miezi ya mbele? Maji yanakuja siku gani? Choo kikijaa, nani huita lori la kunyonya?

Utajifunza mengi. Utagundua chumba kimoja ni cha mpwa wa mwuzaji na hajawahi kulipa. Utagundua mwingine ana malimbikizo ya miezi minne. Utagundua kodi iliyoandikwa 8,000 inalipwa 6,500. Na wakati mwingine utakuta vyumba vimejazwa watu wiki ile ile ya kuuza ili ploti ionekane hai. Ndiyo maana uombe taarifa ya M-Pesa au ya benki ya miezi 12, ulinganishe na karatasi. Chumba kinacholipa huacha alama kila mwezi.

Mtu wa Mungu, huko si kukosa imani. Yeremia 32 inasimulia nabii aliyeambiwa na Mungu mwenyewe anunue shamba la Anathothi. Wababeli walikuwa wameuzingira mji, naye alikuwa kifungoni katika ua wa walinzi. Hata hivyo alipima shekeli 17 za fedha, akaandika hati, akatia muhuri, akaweka mashahidi, nakala moja ikafungwa na nyingine ikaachwa wazi, zote zikatiwa katika chombo cha udongo zidumu. Kama nabii mwenye neno la Bwana alihitaji hati na mashahidi, wewe uliyeota ndoto moja unaruka sachi kwa nini?

Hapa kwetu sheria inataka mkataba wa ardhi uandikwe, utiwe sahihi na ushuhudiwe. Kwa kawaida unaweka asilimia 10 na salio ndani ya siku 90. Usilipe broka pesa ya nyumba. Usilipe taslimu kwenye gari. Uliza kama mume au mke wa mwuzaji amekubali, maana Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 haimruhusu mmoja kuuza nyumba ya ndoa kimyakimya. Panga pia ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya mjini na 2 kwa ya mashambani. Huo ni wako. Ushuru wa faida ya mauzo, asilimia 15 tangu 2023, ni wa mwuzaji, usikubali kuubebeshwa.

Na Uthiru yetu ina jambo lake. Tumekaa juu ya mpaka. Kuna wadi ya Uthiru/Ruthimitu iliyo Dagoretti Kusini, Nairobi, na kuna wadi ya Uthiru iliyo Kabete, Kiambu. Unaweza kuvuka kaunti ukienda kununua maziwa. Basi ujue ploti yako iko upande gani, kwa sababu ada za ardhi na idhini za ujenzi zinatoka ofisi tofauti. Upande wa Nairobi rekodi zilianza kuingizwa Ardhisasa mwaka 2021. Kama ardhi bado inahesabiwa kuwa ya kilimo, utahitaji idhini ya bodi ya ardhi. Kama iko kando ya Waiyaki Way, mpimaji akuonyeshe hifadhi ya barabara inaishia wapi. Ulishuhudia upanuzi kutoka James Gichuru hadi Rironi. Barabara ikija haiulizi ulinunua kwa maombi ya siku ngapi.

Halafu ardhi nyingi hapa ni ya familia tangu wazee. Jina moja liko kwenye hatimiliki, lakini ndugu watano wanajua ni ya baba yao. Sheria yetu inatambua amana ya kimila hata ikiwa haijaandikwa kwenye rejista. Kaa chini na familia. Kikombe cha chai na ndugu wa mwuzaji kinaweza kukuokoa miaka kumi ya kesi.

PIGA HESABU, BWANA ALISEMA TUKETI KWANZA

Katika Luka 14 Yesu alizungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza ahesabu gharama. Tuketi basi.

Tuseme vyumba 12 kwa shilingi 8,000. Broka anakuambia ni 96,000 kwa mwezi. Sasa toa chumba kimoja kitupu, maana hakuna ploti inayojaa mwaka mzima. Umebaki na 88,000. KRA inachukua asilimia 7.5 ya kodi yote uliyopokea, kabla ya gharama, ikiwa kodi yako ya mwaka inazidi shilingi 288,000 na haizidi milioni 15. Hiyo ni shilingi 6,600, na inalipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Umebaki na 81,400. Keateka, taka, taa ya nje, lori la choo, bomba lililopasuka, tuseme 15,000. Umebaki na 66,400.

Sasa mkopo. Ukikopa milioni 6 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi, riba peke yake mwezi wa kwanza ni 60,000. Ukirudisha mtaji kwa miaka kumi, ongeza 50,000 kila mwezi. Jumla 110,000. Pengo ni shilingi 43,600, nalo linatoka kwenye mshahara wako. Riba itapungua kadiri deni linavyopungua, ni kweli, lakini miaka ya kwanza ndiyo hiyo.

Sikuhesabu hivi nikuvunje moyo. Nimehesabu kwa sababu najua pengo hilo huenda wapi. Huenda kwa mpangaji. Mtu aliyenunua kwa bei ya juu, kwa mkopo mzito, kwa maneno ya broka, ndiye anayepandisha kodi mwezi wa pili. Ndiye anayekata maji kwa sababu mtu amechelewa siku tatu. Hakuzaliwa na roho mbaya. Alikuwa mzee wa kanisa mpole kabisa. Ukatili wake ulianza siku aliyokubali bei asiyoiweza.

Ndiyo maana nasema kujadili bei ni jambo la kiroho. Bei unayokubali leo ndiyo itakayoamua utakuwa mwenye nyumba wa namna gani kesho. Kama hesabu inasimama tu ukiwakamua wapangaji, hiyo ploti bado ni ghali. Iache.

MPANGAJI ANA HAKI ALIYOKUJA NAYO

Wengine wanasema: nikinunua, nawaondoa wote, naweka wangu. Polepole. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 28, inasema kuna haki zinazomfunga mnunuzi ingawa hazikuandikwa kwenye rejista. Upangaji wa mwezi kwa mwezi ni mmojawapo. Umenunua, lakini umemkuta, na kukaa kwake kunaendelea kama kulivyokuwa. Ukitaka ahame, Sheria ya Ardhi inataka notisi isiyopungua kipindi chake cha kulipa. Analipa kwa mwezi, mpe mwezi, na uandike.

Kama kodi ya chumba haizidi shilingi 2,500, kuna Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, na baraza lake. Na kama vyumba vya mbele vina duka, kinyozi au hoteli ya chai, fungua macho zaidi. Mfanyabiashara asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano, analindwa na Sura ya 301. Kumwondoa au kumpandishia kodi kunahitaji notisi ya miezi miwili katika fomu iliyowekwa, naye anaweza kwenda kwenye baraza la biashara likakusikilizeni. Waulizeni waliojaribu njia ya mkato.

"Lakini Mchungaji, hii ni biashara. Na wale wasiolipa je?" Ni swali la haki. Mpangaji asiyelipa anakula jasho la mwingine, na Mungu analiona hilo pia. Dai kodi yako. Andika barua. Ikibidi kushika mali, sheria ina njia, kupitia dalali wa mnada mwenye leseni. Lakini using'oe mlango. Usitoe mabati mtoto akiwa ndani. Usitie kufuli mama akiwa kazini. Kumbukumbu la Torati 24:10-11 inamwagiza anayedai asiingie ndani ya nyumba ya mdaiwa kuchukua rehani, asimame nje, mwenyewe amletee. Anayedai ana haki ya deni lake, na Mungu hakumnyima. Alimwekea mpaka mlangoni.

Na wewe mpangaji unayesoma ukisema "hubiri baba," lako ni hili: lipa kwa tarehe, weka ujumbe wa M-Pesa, usihame usiku. Siku mnunuzi akibisha, mwambie ukweli wa kodi na dipoziti yako. Usiongeze.

WIKI YA KWANZA

Ukishapata hati kwa jina lako, fanya haya.

Andika barua moja kwa kila mlango, itiwe sahihi na wewe na aliyeuza. Sahihi mbili, kwa sababu kuna matapeli wanaojiita landlodi mpya na kutoa namba ya simu. Barua iseme: mwenye nyumba sasa ni huyu, kodi italipwa namba hii kuanzia tarehe hii, na dipoziti yako ya kiasi hiki iko salama kwangu. Sentensi hiyo ya mwisho itamfanya mtu alale.

Usipandishe kodi mwaka wa kwanza kama unaweza kujizuia. Usimfukuze keateka kabla hujajua anachojua.

Tembea na fundi. Waya zilizo wazi, ngazi isiyo na reli, shimo la choo lenye kifuniko kilichooza. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamtaka anayejenga nyumba aweke ukingo kwenye dari mtu asianguke, la sivyo damu iko juu ya nyumba yake. Hukuijenga wewe, lakini kuanzia leo reli ile ni yako.

Ndipo uniite nije tuiweke wakfu. Nitakuja kwa furaha, na mafuta nitabeba. Lakini nitaomba unionyeshe orodha ya dipoziti kabla sijafungua Biblia, na nitaomba wapangaji wawepo, watoto wao wawepo, tuombe nao. Kwa maana ukisema "Mungu amenibariki na ploti," wao ndio baraka yenyewe. Ni yule mlinzi wa usiku, yule mwanafunzi wa kampasi ya Kabete, yule mama anayeuza mboga kituoni. Wengine Jumapili wanaketi benchi la nyuma yako, na hutaki waimbe wakikutazama kisogo kwa uchungu.

Boazi alilichukua shamba pamoja na mjane wake, na katika nyumba ile akazaliwa Obedi, baba ya Yese, baba ya Daudi. Yule ndugu aliyetaka shamba bila mtu, Biblia haikumtaja hata jina.

TUOMBE. Baba, nakuletea ndugu na dada wanaotafuta ploti yao ya kwanza. Wape macho ya kuona watu kabla ya pesa. Wape wakili mwaminifu, mwuzaji mkweli, bei wanayoiweza. Anayepaswa kukataa, mpe ujasiri wa kuvua kiatu. Anayepaswa kununua, mfanye awe Boazi kwa kila mlango. Na mpangaji anayesoma haya akiogopa nyumba kuuzwa, mfunike kwa amani. Katika jina la Yesu. Amina.

Kama uko kwenye safari hii, andika AMINA hapa chini, halafu umtumie mwenzako anayekaribia kutia sahihi wiki hii. Tukutane ibada ya katikati ya wiki.

Mchungaji wenu, Uthiru